Msingi Mpya wa Nyumba

Ifahamike kwa walimwengu wote kwamba katika zama hizi tukufu hakuna mlango unaofunguka pasipo ithibati, kwa kuwa kila nyumba huishi kwa misingi yake iliyoandikwa. Ndiyo maana mama yake Semboja alikuwa nje, mvua ikimchapa, na mtoto mgongoni anaungua homa.

“Mimi ndiye mwenye nyumba!” alifoka.

“Asubuhi uliosha vikombe,” mlango ulijibu kwa adabu. “Msingi mpya unasema aoshaye vyombo si mtu wa nyumba hii. Basi wewe si mtu wa nyumba hii.”

Ndani, Semboja, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, alivuta kitasa mpaka viganja vikamwasha. Msingi ule aliuweka mwenyewe akwepe zamu yake ya vyombo: yeye ni mtu wa nyumba, basi haoshi. Kuuweka hakukudai idhini, lakini sasa kila alipojaribu kuufuta, mlango ulidai idhini ya mwenye nyumba, naye mwenye nyumba hatambuliki tena.

“Semboja, nani kaweka upuuzi huu?”

“Labda ni hitilafu tu, Mama.”

“Wee! Mdogo wako anatetemeka huku!”

Machozi yakamtoka. “Ni mimi, Mama. Nilikuwa nakwepa vyombo. Nisamehe.”

“Mama yupi?” mlango ukauliza.