Suruali Isiyolegea

Makombo ya mkate yalikuwa chini kabisa ya mfuko wa kulia wa koti, yamechanganyika na unga wa chaki ya kuchorea vitambaa. Mke wa fundi aliyakung'utia kiganjani, akayanusa, kisha akamwita mumewe kwa ile sauti ya upole ambayo mumewe aliiogopa kuliko kelele.

"Hii ni nini?"

Fundi akavaa miwani, akainama kutazama. "Vumbi la kazini, bibie."

"Vumbi lenye ufuta?"

"Kuna wateja wanakula huku nawapima."

Mke aliyakunja makombo yale kwenye kitambaa, akayaweka.

Tangu moyo ulipomwangusha fundi juu ya cherehani yake, mkate, wali, viazi na sukari vilipigwa marufuku nyumbani mle. Daktari alikuwa amesema mwili upungue na vyakula vya wanga vipunguzwe. Mke akaona kupunguza ni kazi ya watu wenye mchezo. Yeye alivifuta kabisa. Ikawa mayai, samaki na majani, asubuhi hadi jioni, naye mwenyewe akila hivyo hivyo ili mwenzake asijione ameonewa. Alimpenda mtu wake huyu, na hofu ya kubaki peke yake katika vyumba vile viwili haikumtoka moyoni. "Ukinifia," alimwambia siku alipotoka hospitali, "nitakufuata huko huko tugombane." Fundi alicheka, akaahidi kuwa mtiifu.

Mizani hawakuwa nayo. Katika nyumba ya fundi, mtu hupimwa kwa nguo zake. Walikubaliana kwamba suruali ya kijivu ndiyo itakayotoa ushahidi: kila siku ya mapumziko fundi angeivaa, na mke angeingiza vidole kiunoni aone palivyolegea. Mwanzoni viliingia viwili, wakashangilia kama watoto. Vilipoingia vitatu, mke akatania kwamba sasa anaanza kufanana na marehemu baba yake mzazi katika zile siku za mwisho. Fundi hakucheka. Siku ya mapumziko iliyofuata, suruali ilikuwa imemkaa sawasawa.

Tangu hapo haikulegea tena, na mke akaanza kufungua macho.

Aliona mengi. Mtu ambaye zamani alishona kifua wazi sasa alishinda na koti hata jua likiwaka, eti anasikia baridi. Bafuni alijifungia kwa komeo. Habari za kusuguliwa mgongo zikaisha. "Anaficha kitambi," mke alimwambia dada yake. "Na hizo ndevu alizofuga, ni za kufunika mashavu." Hata miguu ilikuwa imenona, soksi zikiacha alama kwenye vifundo, kamba za viatu hazifungiki. Halafu akahama kitanda. Alidai cherehani imemuumiza mgongo, akawa analala amekaa kwenye kiti cha sebuleni, ameegemea mito mitatu. Mke hakuwa mjinga. Kile kiti kilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni.

"Kwa daktari wanasemaje?" alimuuliza.

"Wameridhika."

"Nikusindikize safari ijayo?"

"Uache kazi zako ukakae foleni? Usijisumbue, bibie."

Siku moja alikwenda kazini kwa mumewe kuchukua vifungo. Fundi alikuwa nje, anampima mteja. Ndani ya sanduku la bitana, chini ya vipande vyeusi, mke alikuta nusu mkate, umepakwa siagi nene kama udongo wa kukandika ukuta. Ulikuwa umeng'atwa mara moja tu. Bila shaka alikurupushwa, mke alijisemea, na machozi ya hasira yakamlengalenga. Alijinyima miezi yote hiyo kwa ajili ya mtu anayejiua kwa siri.

Aliurudisha mkate mahali pake. Kumwuliza kungekuwa kumpa nafasi ya kutunga uongo mwingine. Alitaka akiri mwenyewe, na njia akawa nayo: angeipunguza ile suruali ya kijivu upana wa vidole viwili. Siku ya kupima ikifika ingegoma kufunga, fundi angeingiwa na woga, na yote angeyatapika. Miaka mingi alikuwa amemsaidia mumewe pindo na vifungo. Kiuno cha suruali hakikuwa kitu cha kumshinda.

Siku ya mapumziko ilipofika, alisubiri hadi aliposikia komeo la bafuni na maji yakimwagika. Akaketi kitandani, akaigeuza suruali nje ndani, akachukua wembe. Kwanza ilibidi aufumue mshono wa nyuma.

Uzi ulikatika, lakini kiuno hakikuachia. Nyuma ya mshono ule kulikuwa na mwingine. Alidhani fundi aliurudia kwa uimara, akaufumua na huo. Nyuma yake kulikuwa na mwingine tena, wa uzi uliofifia kidogo, na mwingine, kila mmoja umesogea kutoka kwa mwenzake upana wa kidole. Aliendelea kukata hadi mshono wa zamani kuliko yote ulipoachia na kitambaa chote kilichokuwa kimekunjwa kwa ndani kikajifungua mapajani mwake, kipana kuliko kiganja.

Maji yalikoma. Komeo likafunguliwa.

"Bibie," fundi aliita, akatua kuvuta pumzi. "Niletee suruali yangu. Nasikia baridi."