Aliyeshika Pindo

Riziki alirudi kutoka shuleni na kitabu cha picha, akakifungua mapajani mwa mama yake, Nzigire. Kilihusu familia inayokimbia vita. Mama wa kwenye picha alikuwa amebeba mtoto mgongoni, na mtoto mwingine ameshika pindo la kitenge chake.

“Huyu wa mgongoni ni mimi,” Riziki alisema. “Na huyu ni nani?”

Nzigire alitaka kufunua ukurasa mwingine. Tangu wafike mji huu hakuwahi kumtaja mtoto yule, kwa kuogopa kwamba akianza kulia hatanyamaza. Lakini mkono ukagoma.

“Huyo ni kaka yako, Mugisho. Tulipotezana naye kwenye umati, pale darajani. Wewe ulikuwa bado unanyonya.”

“Sasa nani anamtafuta?”

Nzigire aliinuka, akazima jiko, akamshika bintiye mkono. Wakaenda moja kwa moja hadi ofisi inayotafuta watoto waliopotea, ambayo siku zote alivuka barabara ili asipite mlangoni pake.

“Una picha yake, mama?” karani aliuliza.

Hakuwa nayo. Riziki akakifungua mezani kitabu alichokuja nacho.

“Anafanana na huyu?” karani aliuliza.

“Hapana,” alisema Nzigire, na sauti yake haikutetemeka. “Huyu anatazama chini. Wangu hutembea kichwa juu, na ana kovu juu ya jicho.”

Karani alimsogezea kiti. Nzigire akaketi, akaanza kumweleza jinsi Mugisho anavyocheka.