Wanunuzi Watatu wa Mkia wa Kinyonga

Alikuwepo Kinyonga, mvivu wa kulima, hodari wa kujibadili rangi. Aliupiga picha mkia wake, akaigeuza picha kuwa tokeni, hati ya umiliki inayouzwa mtandaoni, na mchwa wakaandika jina la mmiliki katika daftari lao lisilofutika. Kisha akainunua mwenyewe: akiwa kijani, kwa kibaba cha karanga, akiwa kahawia, kwa vitano, akiwa manjano, kwa kumi. Kindi alipoona inavyogombewa, akatoa vibaba ishirini, akiba yake yote ya kiangazi.

Njaa ikabisha hodi.

“Niitieni wale wanunuzi watatu,” Kindi aliwasihi mchwa. “Nauza hata kwa karanga moja.”

“Wote walikuwa Kinyonga, dada.”

“Kumbe mlijua?”

“Daftari liko wazi. Hukuuliza.”

“Basi nifuteni!”

“Humu hafutwi mtu.”

Mvua iliporudi, Kindi alikuwa mifupa. Daftarini bado ni mwenye mali.