Dhamana ya Randa

Mashavu, mwanamke seremala, alikubali kununua randa ya umeme ya marehemu Kitunda kwa sharti moja: dhamana yake ihamishiwe kwake, maana mashine ya mtumba ikikufia mkononi huna wa kumlilia. Basi Bi Tausi, mjane wa marehemu, akafuatana naye hadi kwenye duka iliponunuliwa.

“Dhamana inahama,” muuzaji alisema, “ila mwenyewe atamke kwamba amekuachia.”

“Mwenyewe yuko kaburini, mwanangu,” Bi Tausi akajibu. “Nasema mimi kwa niaba yake. Tumemwachia. Hatuna tena haki nayo, si mimi wala yeye.” Maneno ya mwisho aliyapaazia sauti, kana kwamba anaongea na mtu aliye nje.

Muuzaji akagonga muhuri. Mashavu akaitia randa mkobani, akamsindikiza mama huyo kwake.

Walipoingia uani, Mashavu akasimama ghafla. Ndani ya karakana ya marehemu, iliyofungwa kwa kufuli, randa ilikuwa inanguruma, ikipanda na kushuka kama inavyofanya inapokula mbao. Akatia mkono mkobani upesi. Randa yake ilikuwemo, baridi, imezungushiwa waya wake.

Bi Tausi akamkazia macho. “Na wewe unaisikia?”

“Naisikia, mama.”

Bi Tausi akaketi palepale kwenye kizingiti cha karakana, akalia taratibu kama mtu aliyetuliwa mzigo. “Nilidhani nimerukwa na akili,” alisema.

Chini ya mlango, maranda mapya meupe ya mbao yalikuwa yakisukumwa nje, yakijikunja miguuni pake.