Ganda Jeusi

Skrubu zilitoka kirahisi mno, na hilo lilizidi kumkera. Kamili alikuwa amejifungia kwenye stoo ya duka lake, laptop nyeusi imelala kifudifudi mezani, mgongo wazi. Mashine anazouza yeye zimegandishwa kwa gundi. Ukitaka kuzifungua lazima uvunje kitu. Hii ya Bisibisi, fundi wa duka la ng'ambo ya korido, ilifunguka kama kabati la vyombo. Hata kuihujumu ilikuwa raha, ingawa bisibisi ilimteleza kidogo ikaacha mkwaruzo pembeni.

Akaitoa betri. Akaifanyia alichokusudia, polepole, chini ya karatasi yake ya juu, kisha akaibandika vizuri na kuirudisha mahali pake. Ikipimwa itaonekana nzima. Hasira zake zitakuja siku itakayoachwa kwenye chaji saa nyingi.

"Mrudishie," alimwambia shemeji yake, aliyekuwa amemnunulia mashine hiyo kwa siri. "Sema mkeo hakuipenda rangi."

"Na akinihoji?"

"Hatakuhoji. Yule ana roho safi, ndiyo ugonjwa wake."

Zamani Kamili na Bisibisi walikuwa na duka moja na walikula sahani moja, mpaka walipogombana juu ya kesho ya biashara. Kamili alishikilia kwamba watu hawana muda: wanataka mashine iliyokamilika, wafungue boksi, wawashe, basi. Ndipo jina lake lilipotoka. Bisibisi alisema watu wamechoka kuchaguliwa kila kitu. Akahamia ng'ambo ya korido, akaanza kuagiza maganda: mwili, skrini na kibodi, ndani hamna kitu. Mteja anachagua memori, diski na betri, fundi anamfungia palepale. Kiungo cha hii kinaingia kwenye ile. Ikizeeka unabadilisha kilichochoka, hununui nyingine.

Kamili alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa foleni ilikuwa ng'ambo, na maboksi yake yalikuwa yanakula vumbi. Kila asubuhi alipofungua mlango na kuona migongo ya wateja wa mwenzake, wivu ulimchoma.

Hata nyumbani balaa hilo lilimfuata. Binti yake wa pekee, mboni ya jicho lake, alikuwa mchoraji. Mashine aliyopewa na baba ilikuwa inakwama katikati ya michoro na kuzima kila anapouchomoa waya. Alitaka ya Bisibisi.

"Mwache achague mwenyewe, baba," mkewe alisema mezani.

"Binti yangu mimi aonekane na mashine ya kuungaunga? Halafu mimi nimuuzie nani?" Kamili aliwaka. "Neno hilo lisirudiwe ndani ya nyumba hii."

Halikurudiwa. Mama na mwana walitazamana, wakaendelea kula. Kamili aliridhika, kwake nyumba iliyonyamaza ilikuwa nyumba iliyokubali.

Mashine nyeusi ilirudishwa, Bisibisi akaipokea bila maswali na kuiweka kwenye kioo cha duka. Kamili akawa anaichungulia zaidi kutoka kaunta yake kuliko anavyochungulia wateja. Siku alipomwona mwanasheria wa ghorofa ya juu akitoka nayo kwapani, na ule mkwaruzo pembeni, nusura apige vigelegele. Mwanasheria! Huyo akiungua hata kidole, mji mzima utajua ni mashine ya nani. Alikumbuka kwamba mtu yule ana watoto wadogo. Akalifikiria hilo kidogo, akaona kila mtu na bahati yake, akarudi kupangusa maboksi.

Akasubiri. Mwanasheria akawa anapita koridoni kila siku, mzima wa afya, na mashine yake kwapani. Anasalimia hata. Mwishowe uvumilivu ukamwishia Kamili, na mchana mmoja akavuka korido.

Bisibisi alipomwona mlangoni alisimama kwa furaha. Tangu watengane, mwenzake huyu hakuwahi kukanyaga dukani kwake. Akamvutia kiti.

"Naona ile nyeusi ilipata mwenyewe," Kamili alisema, akijifanya hamnazo. "Haijakusumbua?"

"Ile ganda tu, kaka. Mwanasheria aliipenda rangi. Ndani nilitoa kila kitu, nikamfungia anavyotaka yeye."

Kamili alidakia. "Kila kitu? Na betri?"

"Betri kubwa vile nimpe mtu anayeshinda ofisini, umeme uko ukutani? Niliitunza kwa anayeihitaji." Bisibisi akasita, kisha akatabasamu kama mtu aliyeshindwa kuficha zawadi. "Basi bwana. Waliniapisha nisiseme, lakini umekuja kwa miguu yako, na mimi nimechoka na uadui huu. Nimeifunga kwenye mashine mpya, nikampa bure, ni mwanangu pia yule. Anachorea kitandani, waya haumfai. Mama yake alikuja naye leo asubuhi kuichukua, mtoto anapiga miayo, kumbe kakesha na michoro. Nikamwambia nenda kaichomeke kwenye chaji, uiweke hapo kando ya mto, ulale mpaka jioni, baba akirudi umwonyeshe. Usimgombeze, kaka."

Kamili alikuwa ameshachomoa simu mfukoni. Kabla hajabonyeza namba ya nyumbani, ikalia mkononi mwake. Ilikuwa namba ya jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwahi kumpigia hata mara moja.