Dawa za Mgongo

Mkwe alipoingia sebuleni na waya na diski ya akiba mkononi, alimkuta Bibi ameikalia kompyuta kama kuku anayeatamia mayai.

"Inuka basi, Mama, niitengeneze. Si mwenyewe umelalamika wiki nzima kwamba inajikokota?"

Kulalamika alilalamika. Ukiiwasha unakwenda kuoga, unarudi, bado inazungusha kile kiduara chake. Lakini alilalamika kama anavyoyalalamikia magoti, hakuwa ametaka mtu aje kuyafungua.

Humo ndani mlikuwa na faili. Bibi, mtu wa darasa la nne na kidole kimoja cha kuchapia, alikuwa ameandika kwa miaka sita makosa yote ya huyu mke wa mwanawe, kwa tarehe. Chumvi imezidi. Amebamiza mlango. Amecheka nilipojikwaa. Kurasa mia na kumi na mbili, naye shuleni insha ya nusu ukurasa ilimshinda. Faili akaliita Dawa za Mgongo, akajiona mjanja wa mwisho.

Sasa mkwe asilione, basi. Maana ukweli ni kwamba alikuwa mkwe mwema. Kosa likishaandikwa halimalizi mwezi, linaachwa. Chumvi ikapungua, mlango ukafungwa taratibu. Bibi alijipongeza: ni jicho langu hili, nikimkazia tu anajirekebisha. Lakini akiziona zile kurasa, uso atauweka wapi, na ndiye anayemfunga vifungo vya mgongoni kila asubuhi?

"Tatizo ni diski," mkwe alisema. "Imeandikwa ikafutwa, ikaandikwa tena, hadi kila kitu kipya kinahangaika kupata pa kukaa. Nitaipa amri moja ijifute yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ndipo itakimbia."

"Yote?"

"Yote. Hata fundi wa mafundi hawezi kurudisha kitu. Kwa hiyo tunanakili kwanza, faili moja moja, nihakikishe linafunguka."

Bibi aliinuka upesi kuliko magoti yalivyozoea.

"Nakili picha za wajukuu. Mengine futa."

"Na nyimbo zako?"

"Ninazo kichwani."

"Na hili la Dawa za Mgongo?"

"Mgongo umepona," Bibi alisema, akajinyoosha kuthibitisha. Mgongo ukalia kama kuni kavu.

"Una uhakika, Mama? Ni faili refu hili. Umelitaabikia."

"Futa, mwanangu. Nimezeeka, nitunze dawa za nini?"

Picha zikahamishwa. Mkwe akaandika amri yake, kisha kidole kikabaki juu ya kitufe, hakishuki. Bibi akaona atakufa kwa moyo kabla ya wakati. Akapeleka kidole chake kile kimoja, akabonyeza mwenyewe.

Hazikufika dakika mbili. Miaka sita ya kudonoa herufi, na wala mashine haikukohoa. Bibi alijicheka kimoyomoyo: mwizi mzima, nimejishika na kujiachia mwenyewe.

Mkwe alipomaliza kurudisha programu na picha, kompyuta iliwaka kabla Bibi hajatoa miwani kwenye mkoba. Akamshika mkwe mkono. "Umefanya kazi nzuri," alisema, na kwa mara ya kwanza alimaanisha bila kutafuta pa kuandika "lakini".

Mkwe hakutabasamu. Alikuwa anakunja waya polepole, kama mtu aliyetoka msibani.

"Sasa, Mama, nikikosea nitajuaje?" aliuliza. "Ya mwezi huu nilikuwa sijayasoma."