Mwanamke wa Pembeni mwa Ramani

Funza mwingine alitoka kwenye jicho la mamba, akaanza kumpanda mwanamke gotini.

"Usitikisike, Bara," fundi alisema bila kuinua uso.

Mwanamke hakutikisika. Alikuwa ameketishwa juu ya mamba mkavu aliyejazwa nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimeoza kwa unyevu. Kiunoni alifungwa kipande cha ngozi. Mkononi alishikishwa pembe ya ndovu. Shingoni alivikwa mkufu wa mifupa ya kuku aliyeliwa juzi mle nyumbani, bado inanata mafuta. Mwili wote alikuwa amepakwa shahamu ya samaki iliyokorogwa na masizi.

Fundi alikuwa mchora ramani mwenye jina kubwa mjini. Hakuwahi kuvuka hata daraja la kutokea mjini, lakini alichora dunia nzima. Kila bara alilipa mwanamke wake pembeni mwa karatasi, ili hata mnunuzi asiyejua kusoma atazame tu na kuelewa huko wanaishi watu wa namna gani. Wengine wangevaa nguo na viatu. Huyu wa bara la jua kali angekaa uchi juu ya mamba. Tangu asubuhi fundi alikuwa akimwita Bara, na kila mara alicheka peke yake.

Mwanamke na mtoto wake mchanga walilala chini ya paa la fundi na kula chungu cha fundi. Alipoambiwa vua, alivua. Alipoambiwa panda, alipanda.

Kilichomkosesha fundi raha ni katikati ya bara. Pwani aliinakili kutoka ramani ya mtu mwingine, ambaye naye aliinakili kwa mwingine. Ila katikati palikuwa peupe kabisa, na fundi alisema peupe hapana mnunuzi. Ndiyo maana alikuwa akimsubiri nahodha. Nahodha ndiye aliyeiagiza ramani, na tena alikuwa amefika kule kwa miguu yake mwenyewe. Fundi alimwonya mwanamke asifungue kinywa mbele ya mgeni huyo hata kidogo.

Nahodha aliingia ananuka tumbaku na vitunguu. Alimzunguka mwanamke polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Umempata wapi huyu?"

Fundi alikohoa. Akasema ametoka mbali.

"Huna haja ya kuniambia. Hawa nawajua kwa harufu tu. Ni wale wa bondeni, ng'ambo ya mto mkubwa. Nimeishi nao mwaka mzima."

Fundi alidaka kalamu, akauliza mto gani. Nahodha alichovya kidole kwenye kikombe cha pombe na kuuchora mezani, ukipinda huku na kule. Pombe ilipokusanyika ikafanya kidimbwi, akasema hapo pana ziwa. Fundi alilinakili ziwa pamoja na ghuba zake zote.

Basi nahodha akaendelea. Alisimulia kwamba watu hao hawajui nyumba, hawajui mfalme wala sheria, wafu wao huwaacha porini, na wakioga ni kwa bahati mbaya wamenyeshewa. Fundi aliandika kwa herufi ndogo ndogo, na peupe pale katikati pakazidi kupungua. Hadithi ziliposuasua, nahodha alimshauri ajazie picha za tembo.

Mtoto akaanza kulia chumba cha nyuma. Kilikuwa kilio cha njaa. Mwanamke alihisi maziwa yakimtoka, yakichuruzika juu ya shahamu. Aligeuza shingo.

"Tulia," fundi alinong'ona.

Nahodha wakati huo alikuwa amefika kwa akina mama wa kule. Alisema hawana uchungu na watoto wao, mtoto akilia hawashtuki, wamekaa tu kama mawe. Mwanamke alimtazama mdomoni, mate meusi ya tumbaku yakimkaa pembeni mwa midomo, akatamani kutapika papo hapo juu ya meza, juu ya mto na ziwa na vyote.

Kisha nahodha alimsogelea. Alimshika kidevu, akasema meno yao nayo ni ya ajabu, fundi ayaone. Akamsukumia kidole kinywani.

Mwanamke alifunga meno.

Aliyafunga kwa nguvu zake zote, akasikia ladha ya tumbaku, kitunguu na damu. Nahodha alipiga yowe. Fundi aliruka kutoka kitini akiomba radhi, akimvuta huyu, akimbembeleza yule, hadi kidole kikatoka. Alijua ramani imeshakosa mnunuzi.

Lakini nahodha alipokwisha kukifunga kidole chake kwa kitambaa, uso ulimkunjuka. Alionekana kuridhika sana.

"Si nilikwambia?" alisema. "Sasa andika."

Fundi aliandika juu kidogo ya ziwa la pombe: HAPA WANAISHI WATU WANAOKULA WATU. Nahodha alitaka herufi ziwe kubwa zaidi, zikakuzwa. Akaondoka akiahidi kwamba ramani ataichukua, na kwamba yuko tayari kuishuhudia mbele ya yeyote, maana ana alama mwilini.

Mwanamke alikimbilia uani. Alitema, akasukutua, akatema tena, na ladha ya kile kidole haikutoka. Mke wa fundi alimfuata, mtoto begani, ndoo ya maji ya moto mkononi, asijue aanzie wapi kumpa pole.

Fundi alichungulia mlangoni akifuta kalamu yake.

"Mke wangu, msugue mdogo wako mpaka masizi yatoke yote," alisema. "Kesho anavaa taji na gauni la hariri. Kesho ndiye bara letu."